Jina Lisilo Lake: Kosa la Utambuzi wa Sklerosisi na Dhima ya Lugha

Utangulizi

Wahenga waliacha methali mbili ambazo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi huzitaja pindi anapotaka kuonyesha kwamba hekima ya jadi ina sauti zaidi ya moja. Ya kwanza hunena kwamba haraka haraka haina baraka. Ya pili huijibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Darasani, ukinzani huu huwa mada ya mjadala na kicheko. Katika chumba cha daktari wa mishipa ya fahamu, hata hivyo, methali hizi mbili huketi ubavu kwa ubavu, na mgonjwa ndiye hulipa gharama ya ile iliyopuuzwa.

Ugonjwa unaodhihirisha jambo hili kwa uwazi mkubwa ni ule unaoitwa kitaalamu maltipo sklerosisi, ambao katika makala haya utaitwa sklerosisi kwa ufupi. Wapo wagonjwa wanaougua sklerosisi kwa miaka mingi bila ya kuambiwa, na wapo wengine ambao huambiwa kwamba wanaiugua ilhali hawana. Wa kwanza hunyimwa jina la maradhi yao. Wa pili hubebeshwa jina lisilo lao. Makala haya yanashikilia kwamba makosa haya mawili yana mzizi wa pamoja, nao ni kutoisikiliza na kutoisoma hadithi ya mgonjwa kwa makini. Kwa sababu hiyo, suala hili si la madaktari peke yao. Ni la wanalugha pia.

Ugonjwa na jina lake

Ubongo na uti wa mgongo huwasiliana na mwili kupitia nyuzi za neva. Nyuzi hizo zimevikwa ala ya mafuta iitwayo myelini, kama vile waya wa umeme uvikwavyo mpira. Katika sklerosisi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huigeukia ala hiyo na kuishambulia. Pale iliposhambuliwa hubakia kovu, na ujumbe unaopita hapo hucheleweshwa, huvurugika au hukatika kabisa. Dalili hutegemea mahali kovu lilipo: jicho moja kuona ukungu na kuuma linapozungushwa, mguu kufa ganzi, mkono kukosa nguvu, kizunguzungu, kushindwa kuzuia mkojo, na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Kwa wagonjwa walio wengi, dalili hizo huja, zikakaa siku au wiki kadhaa, kisha zikapungua au kutoweka. Baada ya miezi au miaka hurejea kwa sura nyingine.

Aliyeupambanua ugonjwa huu na kuupa nafasi yake katika taaluma ya tiba ni daktari Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mwaka 1868, alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris. Neno sklerosisi lina asili ya Kigiriki na maana yake ni ugumu. Jina alilolitumia Charcot lilirejelea madoa magumu yaliyoonekana katika ubongo na uti wa mgongo wa wagonjwa baada ya kufa kwao. Mwanafunzi wa semantiki hatakosa kuliona jambo hili: jina lenyewe halisemi chanzo cha maradhi, wala halisemi mgonjwa anahisi nini. Linasema tu kile alichokiona daktari alipompasua maiti. Ni jina lililotungwa kwa kumtazama aliyekufa, lakini hutakiwa kumtambulisha aliye hai.

Kulingana na makadirio yaliyotolewa mwaka 2020 na shirikisho la kimataifa la vyama vinavyoshughulikia ugonjwa huu, watu wapatao milioni 2.8 duniani wanaishi nao. Wanawake ni angalau maradufu ya wanaume, na wastani wa umri wa kutambuliwa ni miaka 32, yaani umri ambao mtu huwa ndiyo kwanza ameanza kazi, ndoa na malezi. Ikumbukwe kwamba hadi leo hakuna kipimo kimoja cha damu wala cha mashine kinachoweza, peke yake, kusema kwamba mtu fulani ana sklerosisi. Daktari hulazimika kuunganisha masimulizi ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili, picha za MRI na, aghalabu, ugiligili wa uti wa mgongo. Yaani hulazimika kufanya kile akifanyacho mhakiki: kusoma vipande, kuvilinganisha, kisha kupendekeza fasiri.

Jina linalochelewa

Mfano mkongwe na wenye mafunzo mengi ni wa Augustus d'Esté, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1794. Mnamo Desemba 1822 alisafiri hadi Scotland kumtembelea jamaa aliyempenda kama mzazi, akamkuta amekwisha kufa. Muda mfupi baada ya mazishi, macho yake yaliingia ukungu hata akashindwa kusoma. Hali hiyo ilipona yenyewe, ikarudi, ikapona tena. Baadaye alianza kuona vitu viwili viwili, miguu ikakosa nguvu, ganzi ikaenea, na hatimaye akawa hawezi kutembea pasi na msaada. Madaktari wa zama zake walimwagiza, miongoni mwa mambo mengine, ale nyama ya ng'ombe mara mbili kwa siku na kunywa mvinyo. Alikufa mwaka 1848, miaka 20 kabla ya Charcot kuupa ugonjwa huo sura inayoeleweka.

Lililo muhimu kwa wanafasihi ni kwamba d'Esté alikuwa na mazoea ya kuandika shajara. Kwa zaidi ya miaka 20 alirekodi kila dalili, tarehe yake, mwendo wake na namna ilivyoondoka. Shajara hiyo ilipochapishwa mwaka 1948, karne moja baada ya kifo chake, wataalamu waliisoma wakakubaliana kwa jumla kwamba aliyeiandika alikuwa na sklerosisi. Hawakuwa na mwili wa kuupima wala picha ya kuitazama. Walikuwa na matini tu. Ni kweli kwamba utambuzi wa namna hiyo hauwezi kuthibitishwa kwa kipimo. Lakini inafikirisha kuona kwamba matini iliyoandikwa kwa uaminifu na kwa mpangilio wa wakati iliweza kusema yale ambayo madaktari waliomgusa mgonjwa kwa mikono yao hawakuyajua.

Karne ya ishirini nayo ina mifano yake. Jacqueline du Pré, Mwingereza aliyesifika duniani kote kwa kupiga ala ya chelo, alianza kupoteza hisi katika vidole vyake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ugonjwa wake ulitambuliwa mwaka 1973. Kabla ya hapo dalili zake zilihusishwa na mfadhaiko na uchovu wa kazi. Alikuwa na umri wa miaka 28. Hakuweza tena kupiga ala yake hadharani, na aliaga dunia mwaka 1987. Kisa cha mwanamke kijana kuambiwa kwamba maradhi yake yamo akilini mwake tu si kigeni katika historia ya ugonjwa huu, na wala si kigeni katika hospitali za Afrika Mashariki, ambako kauli "una mawazo mengi" humaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Kwa Mwafrika, ucheleweshaji huwa na sababu ya ziada. Kwa muda mrefu, vitabu vya tiba vilifundisha kwamba sklerosisi ni ugonjwa wa nchi za baridi na wa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini. Msingi wa mafundisho hayo una ukweli, kwa kuwa ugonjwa huu hupatikana zaidi katika maeneo yaliyo mbali na ikweta. Tatizo ni hatua inayofuata katika hoja hiyo, pale neno "nadra" linapogeuzwa kimyakimya kuwa "haupo". Mahali ambapo mashine za MRI ni chache na madaktari wa neva ni wachache zaidi, ugonjwa hauwezi kuonekana. Na usipoonekana, takwimu husema haupo. Na takwimu zikisema haupo, daktari hana sababu ya kuutafuta. Huo ndio mduara unaomfanya mgonjwa wa Kitui au Kakamega kutibiwa malaria, taifodi na presha kwa zamu, huku makovu yakiongezeka.

Jina lisilo lake

Upande wa pili wa sarafu hii hautajwi sana, nao una maumivu yake. Mwaka 2016, watafiti kutoka vituo vinne vya vyuo vikuu nchini Marekani walichapisha uchunguzi kuhusu wagonjwa 110 ambao walikuwa wameambiwa kwamba wana sklerosisi, kisha ikabainika kwamba hawana. Asilimia 33 kati yao walikuwa wameishi na jina hilo kwa miaka 10 au zaidi. Asilimia 70 walikuwa wamepewa dawa za kubadili mwendo wa ugonjwa ambao hawakuwa nao. Ugonjwa uliokuwa umewahadaa madaktari mara nyingi zaidi ulikuwa kipandauso, maumivu ya kichwa yanayojulikana kote pwani na bara, na ambayo Kiswahili kimekuwa na jina lake tangu zamani.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusu wagonjwa 241 waliofika katika vituo viwili vya Los Angeles wakiwa tayari wamepewa jina la sklerosisi kwingineko. Walipochunguzwa upya, 43 kati yao, yaani takriban asilimia 18, hawakuwa nayo. Ikiwa mambo ni hayo katika jiji lenye mashine na mabingwa tele, msomaji na ajiulize hali ilivyo pale ambapo picha hupigwa katika mji mmoja, husomwa katika mji mwingine, na anayeisoma hajawahi kumwona mwenye ubongo huo.

Madhara ya kosa hili si ya kinadharia. Baadhi ya dawa za sklerosisi hushusha kinga ya mwili, na kushusha kinga ya mtu katika nchi ambamo kifua kikuu bado kimeenea ni jambo linalohitaji sababu madhubuti. Isitoshe, upo ugonjwa uitwao nyuromielaitisi optika, ambao hushambulia macho na uti wa mgongo, na ambao kwa miaka mingi ulidhaniwa kuwa ni tawi la sklerosisi. Mwaka 2004 watafiti walieleza kingamwili inayoutambulisha, na tangu hapo ikathibitika kuwa ni ugonjwa tofauti. Ugonjwa huu huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa zaidi kuliko uwapatavyo Wazungu, na baadhi ya dawa zinazomfaa mwenye sklerosisi huweza kumzidishia madhara mwenye ugonjwa huo. Hapa kosa la jina si kosa la karatasi. Linaweza kumpofusha mtu.

Fauka ya hayo, yapo maradhi yanayotibika ambayo hujificha nyuma ya jina la sklerosisi: upungufu wa vitamini B12, kaswende iliyofika kwenye ubongo, kifua kikuu cha uti wa mgongo, madhara ya virusi vya UKIMWI katika neva. Mgonjwa aliyebandikwa jina la maradhi yasiyo na ponyo, ilhali ana maradhi yanayotibika, amenyimwa tiba mara mbili: amepewa isiyomfaa na kukoseshwa inayomfaa.

Chanzo cha kosa

Sababu ya kwanza ni imani iliyopita kiasi katika picha. Mashine ya MRI ilipoanza kutumika katika miaka ya 1980, ilileta mapinduzi ya kweli; makovu yaliweza kuonekana kwa uwazi zaidi katika ubongo wa mtu aliye hai. Lakini madoa meupe kwenye picha si miliki ya sklerosisi. Kipandauso huyaacha, shinikizo la damu huyaacha, na hata umri huyaacha. Doa ni neno moja. Maana yake hutokana na muktadha. Hakuna mwanaisimu ambaye angethubutu kutoa maana ya neno lililong'olewa kutoka sentensi yake, lakini ndilo linalofanyika pale picha inaposomwa bila ya hadithi.

Vigezo vinavyotumiwa na madaktari, ambavyo hujulikana kwa jina la McDonald na vilivyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, vinasisitiza mambo ambayo yatamgusa mwanafasihi yeyote. Vinataka uharibifu uwe umetawanyika mahali na wakati, na pasiwe na maelezo mengine yaliyo bora. Mahali na wakati ni mandhari ya masimulizi. Na sharti la kutokuwapo kwa maelezo bora ni sharti la uhakiki wowote wenye adabu. Vigezo hivyo vimerekebishwa mara kadhaa, na marekebisho yaliyochapishwa mwaka 2025 yameongeza vipimo vipya, kikiwamo kile cha kutazama kama kuna mshipa mdogo wa damu katikati ya doa. Hata hivyo, vigezo hivyo havikukusudiwa kutumiwa kwa kila mwenye ganzi na madoa. Vilikusudiwa mgonjwa ambaye kisa chake, tangu mwanzo, kinafanana na sklerosisi. Anayeruka kisa na kwenda moja kwa moja kwenye vigezo huwa amesoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho.

Sababu ya pili ni hila ya ugonjwa wenyewe. Kwa kuwa dalili huja na kuondoka, kila tiba huonekana kufaulu. Mganga aliyetoa hirizi wiki moja kabla ya macho kupona hupata sifa. Mchungaji aliyeombea mguu hupata sifa. Vivyo hivyo, daktari aliyempa dawa za sklerosisi mtu asiye na sklerosisi, kisha mtu huyo akakaa miaka mitano bila ya shambulio, huamini kwamba dawa imefanya kazi, kumbe hapakuwa na shambulio la kuzuiliwa. Nafuu, ambayo katika maradhi mengine ni ushahidi, hapa huweza kuwa shahidi wa uongo. Ndiyo maana kosa la utambuzi hudumu miaka 10 bila ya kutiliwa shaka.

Lugha katika chumba cha daktari

Sababu ya tatu ndiyo inayowahusu wasomaji wa jarida hili kwa karibu zaidi. Mchukulie mwalimu wa shule ya msingi, mwenye umri wa miaka 30 hivi, anayeingia hospitalini na kusema, "Daktari, mguu wangu umekufa." Je, anamaanisha kwamba hauhisi akiguswa? Anamaanisha kwamba hauna nguvu ya kumbeba? Au anamaanisha kwamba unamchomachoma kama kwamba siafu wanautambaa? Neno "ganzi", ambalo huenda akalitumia katika sentensi ya pili, nalo huyabeba yote matatu katika mazungumzo ya kila siku. Kwa daktari wa neva, haya ni mambo matatu tofauti, na kila moja huelekeza kwenye njia yake ya neva. Lakini kinachoandikwa kwenye faili ni neno moja la Kiingereza, na neno hilo ndilo litakalosafiri hadi kwa msoma picha na hadi hospitali ya rufaa. Kisa kimekwisha kutafsiriwa kabla hakijasikilizwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa uchovu. Kiswahili kina uchovu, unyonge, udhaifu, ulegevu na mnyong'onyeo, na mzungumzaji mzuri hayachanganyi. Mgonjwa anayesema kwamba amechoka na yule anayesema kwamba viungo vimelegea hawasemi jambo moja. Yapo pia maswali ambayo, yakiulizwa kwa Kiswahili cha kawaida, huzaa majibu yenye thamani kubwa. Je, unapoinamisha shingo huhisi kama shoti ya umeme ikishuka mgongoni? Je, unapooga maji ya moto au kutembea juani hali huzidi, na unapopoa hupungua? Je, umewahi kuhisi kubanwa kifua au tumbo kama aliyefungwa mshipi? Mgonjwa wengi wao hawatayataja mambo haya wenyewe, kwa kudhani kwamba ni ya ajabu mno, au kwamba wataambiwa wamerogwa. Anayejua kuuliza kwa lugha wanayoielewa ndiye atakayeambiwa.

Sheria ya Kenya haiko kimya katika jambo hili. Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu wa afya kumweleza mgonjwa hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha elimu. Haki hiyo imeandikwa. Kinachokosekana ni msamiati wa kuitekeleza.

Pingamizi

Yamkini atatokea msomaji aseme kwamba hoja hizi ni za starehe. Foleni ya hospitali ya umma ni ndefu, daktari ni mmoja, na hana nafasi ya kuchambua semantiki ya ganzi. Pingamizi hili lina uzito, na si haki kumlaumu daktari aliyechoka kwa upungufu wa mfumo mzima. Hata hivyo, dakika kumi za kuuliza vizuri ni nafuu kuliko picha ya MRI iliyopigwa pasipo haja, na ni nafuu zaidi kuliko miaka 10 ya dawa zisizohitajika. Kusikiliza hapa si anasa. Ndicho kipimo kisicho na gharama kubwa kuliko vyote.

Mwingine atasema kwamba tahadhari ikizidi itazaa ucheleweshaji, na kwamba ni heri kumtibu asiye mgonjwa kuliko kumwacha mgonjwa. Hoja hii ilikuwa na nguvu ndogo zamani, kwani hadi mwaka 1993, Marekani ilipoidhinisha interferoni beta, hapakuwa na dawa iliyothibitishwa kubadili mwendo wa ugonjwa huu. Leo dawa zipo, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza tatu katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2023. Kuanza mapema kunasaidia. Lakini maendeleo hayo yamepandisha gharama ya makosa yote mawili kwa pamoja: anayekosa jina hukosa dawa iliyopo, na anayepewa jina lisilo lake humeza dawa yenye madhara. Jibu, basi, haliwezi kuwa kuchagua methali moja na kuitupa nyingine. Ni kumfuatilia mgonjwa upesi na kumpa jina polepole. Na pale jina linapotolewa kabla ya uhakika kukamilika, kusema wazi kwamba ni la muda.

La tatu ni kwamba si kila Mkenya hukimudu Kiswahili, na wapo wagonjwa wanaoweza kueleza maumivu yao kwa Kikamba, Kiluhya au Kijaluo tu. Hilo ni kweli, na linapanua hoja badala ya kuibomoa. Kazi itakayofanywa kwa Kiswahili yafaa iwe mfano kwa lugha hizo, si kisingizio cha kuzisahau.

Yafaayo kutendwa

Kwanza, idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zishirikiane na shule za tiba kukusanya msamiati wa dalili za neva, si kutoka kamusini bali kutoka vinywani mwa wagonjwa wa Mombasa, Kisumu, Eldoret na Nairobi. Istilahi zinazotungwa mezani na kuletwa kwa wananchi kama zawadi hufa zikiwa changa. Kiswahili kimewahi kuikabili kazi nzito kuliko hii: kiliunda neno UKIMWI, likaenea toka redioni hadi riwayani, na waandishi kama W. E. Mkufya, katika Ua la Faraja ya mwaka 2004, wakaweza kuuzungumzia ugonjwa huo kwa lugha ambayo msomaji hahitaji kutafsiriwa. Lugha iliyoweza hilo haishindwi na makovu ya neva.

Pili, wanafunzi wa udaktari wafundishwe mahojiano ya mgonjwa kwa Kiswahili na kupimwa kwayo, badala ya kuachiwa wajifunze kwa kubahatisha wodini.

Tatu, wagonjwa wahimizwe kuandika shajara. Daftari la shilingi chache lenye tarehe, dalili, muda wake na namna ilivyoondoka laweza kumsaidia daktari wa tano kuona kile ambacho wanne waliotangulia hawakukiona, kwa sababu kila mmoja wao alikutana na kipande kimoja tu cha kisa. Asiyejua kuandika asaidiwe na jamaa yake. D'Esté hakujua anaugua nini, lakini alijua kuandika, na maandishi yake yalimtetea alipokuwa hayupo.

Nne, uwepo utamaduni wa kulitazama upya jina lililokwisha kutolewa. Mgonjwa anayeomba maoni ya daktari wa pili asionekane mkaidi, na daktari anayefuta utambuzi wa mwenzake asionekane msaliti. Ukweli nao usifichwe. Mwandishi Mwingereza aliyejiita W. N. P. Barbellion, aliyechapisha The Journal of a Disappointed Man mwaka 1919, aligundua jina la ugonjwa wake mwaka 1915 kwa kuifungua barua ya daktari wake akiwa garini moshi. Wengine walikuwa wakijua, akiwamo mkewe. Yeye, mwenye mwili, ndiye aliyekuwa hajui. Utambuzi sahihi usiomfikia mgonjwa nao ni aina ya kosa.

Hitimisho

Mtu aliyeishi miaka 10 akijiita mgonjwa wa sklerosisi, kisha siku moja akaambiwa kwamba hakuwa nayo, hapokei furaha tupu. Amekwisha kuacha kazi, pengine ameahirisha kuzaa, na jamaa wamemzoea kwa jina hilo. Anarudishiwa afya kwa mkono mmoja na kuonyeshwa miaka iliyopotea kwa mkono mwingine. Naye aliyekuwa nayo tangu mwanzo, akaambiwa ni mawazo tu, anapolipata jina lake hatimaye huweza hata kulia kwa nafuu, kwa kuwa ameaminiwa. Watu hawa wawili hawajawahi kukutana, lakini wanadai kitu kimoja: kwamba kabla ya kupewa jina, wasikilizwe hadi mwisho wa kisa chao.

Wahenga walinena pia kwamba kufanya kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa. Madaktari wataendelea kukosea, kwa kuwa ugonjwa huu ni mgumu na wao ni binadamu. Wanalugha, ambao kazi yao ni maneno na maana zake, hawana ruhusa ya kulitazama kosa hilo likirudiwa na kusema kwamba haliwahusu.